Si kila mtafiti amegundua

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Chuoni kwetu tunaandaa siku ya kuonyesha kazi za utafiti. Bango limeandikwa: "Tafiti na Gunduzi Mbalimbali: Fizikia, Lugha, Usanifu Majengo na Saikolojia." Mhadhiri mmoja anashikilia kwamba utafiti hauna wingi, kwa hiyo "tafiti" ni kosa na bango lifutwe. Je, ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Tafiti si kosa. Neno hilo limo katika ngeli ya U-ZI pamoja na ukuta na ufunguo. Ukilichukua kama shughuli kwa jumla, utasema "utafiti mwingi umefanywa". Ukihesabu kazi moja moja, "tafiti nyingi zimefanywa". Kosa ni "utafiti nyingi", ambalo nalisikia redioni hadi nakereka. Asili yake hutajwa kuwa ni Kiarabu. Mwenzake wa Kibantu ni uchunguzi, wa mzizi uleule wa chungulia, na ndilo lililokaa katika jina la TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, hadi ilipoingizwa katika TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, mwaka 2009. Kwa sababu ya "tafiti", basi, bango lisifutwe.

Lifutwe kwa sababu ya "gunduzi".

Neno hili limenichosha. Fungua ukurasa wowote wa afya au sayansi: watafiti wamegundua kuwa usingizi una faida, watafiti wamegundua kuwa watoto hupenda kucheza. Nani alikuwa hajui? Kugundua ni kukuta usichokitarajia, au kumkuta asiyetarajia kukutwa. Mwizi wa embe hugunduliwa akiwa bado juu ya mti. Ndani ya neno hili mna mshtuko, na ukiutoa umebakiza ganda tupu. Aliyekaa miaka mitatu akipima jambo alilokuwa akilitafuta tangu siku ya kwanza amefanya kazi ya heshima kubwa, na kazi hiyo ina vitenzi vyake.

Chukua fizikia, maana humo tuna mfano wetu wenyewe nami sichoki kuusimulia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa huchemshwa, hutiwa sukari, huachwa yapoe, ndipo huingizwa kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mpemba alipomwona mwenzake akiwahi na maziwa yasiyochemshwa, akaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito. Alimwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganya mambo. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na jibu likawa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaligeuza kuwa mzaha wa darasa. Kijana hakunyamaza. Siku Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipowatembelea, akamwuliza mbele ya watu wote. Osborne akarudi, akataka lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Sasa tazama vitenzi. Mpemba aligundua: jambo lilimjia bila kutafutwa, likamshtua. Kisha akauliza. Osborne akajaribu, wakapima, wakaeleza. Ukiandika "wamegundua" kwa hatua zote hizo, umemnyang'anya Mpemba sifa iliyo yake peke yake, na umelificha jasho la vipimo. Isitoshe, mjadala haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walilipima upya wakaandika kwamba hawakuona ushahidi wa maana kuwa maji ya moto hutangulia kupoa. Hao nao waligundua? La. Walihakiki, wakapinga. Tuna hakiki, tuna pinga, tuna thibitisha, tuna kanusha, na vyote vinakaa kabatini kama sahani za wageni.

Upande wa lugha, Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha mwaka 1993 kazi kubwa iliyokilinganisha Kiswahili na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, sauti kwa sauti, wakaonyesha jinsi lugha hizo za kundi la Sabaki zilivyotoka shina moja. Walilinganisha, wakathibitisha. Mombasa hapana aliyeshtuka kuambiwa kwamba Mmijikenda ni jamaa yake.

Usanifu majengo ndio unaoniudhi zaidi. Nyumba kongwe za mawe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti moja kwa kawaida haivuki upana wa mita 3 hivi. Msanifu akija na futi kamba, akapima vyumba, akachora ramani, amefanya jambo la thamani; bila michoro ya namna hiyo nyumba ikianguka imekwenda na elimu yake. Lakini asiandikiwe kwamba "amegundua" siri ya boriti mbele ya fundi aliyezipandisha juu kwa mikono yake. Amepima. Ameweka kumbukumbu. Fundi ndiye aliyemweleza.

Na saikolojia? Huko "wamegundua" ni hatari hasa. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Zile za mwanzo, asilimia 97 zilidai matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizoyapata tena. Mwizi akishagunduliwa juu ya mti amegunduliwa, hawezi kesho akawa hakuwapo. Matokeo ya namna hiyo yanadokeza, yanaashiria. Andika hivyo na msomaji atajua aegemee kiasi gani.

"Kufanya utafiti" badala ya "kutafiti" nimekwisha kulizoea. Hata "kuendesha utafiti" nalivumilia siku hizi, ingawa utafiti si basi. Hili la kugundua silivumilii.

Bango liandikwe "Tafiti Mbalimbali", kisha zile fani nne, basi. Na kama miongoni mwenu yupo aliyefungua jokofu akakuta kilichomshtua yeye mwenyewe, mwandikieni bango lake pembeni, na neno "Ugunduzi" kwa herufi kubwa.