Mashine Inaona Nini Ubongoni? Maswali na Majibu

Kwenye simu nimeona video ya mtu aliyelazwa ndani ya mashine. Ubongo wake ulikuwa na doa jekundu, na msimulizi akasema "hapa ndipo hofu inapokaa". Ni kweli hofu inaonekana? (Msomaji, Nkuhungu)

Haionekani. Hata wekundu ule haumo kichwani mwa mtu: kompyuta imeupaka baada ya hesabu ndefu ya takwimu. Kinachopimwa ni damu. Seli za neva za eneo fulani zikichapa kazi, mishipa ya hapo hutanuka na kuleta damu yenye oksijeni nyingi kuliko inayotumika. Himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa imekwisha kuiachia oksijeni hiyo huvuruga kidogo nguvu ya sumaku inayoizunguka, lakini yenye oksijeni haivurugi. Damu mpya ikifurika, mawimbi yanayorudi kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio, hupata nguvu zaidi. Mtafiti Seiji Ogawa na wenzake walilionyesha jambo hili kwa panya mwaka 1990, na mwaka 1992 vipimo vya kwanza vya namna hiyo kwa binadamu vikachapishwa.

Ongezeko lenyewe ni dogo, kwa kawaida asilimia 1 hadi 3. Tena damu huchelewa: hufika kileleni sekunde 5 au 6 baada ya tukio. Mtu akishtushwa na honi ya bodaboda, mashine inaipata habari wakati mwenyewe ameshatukana na kunyamaza. Na kile kidoa kidogo kabisa cha picha, cha milimita 3 kila upande, kina seli za neva laki kadhaa ndani yake, kila moja na shughuli zake.

Kuhusu hofu, eneo linalotajwa sana ni amigdala, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, moja kila upande. Kweli huchangamka mtu akiona sura yenye hofu, ila huchangamka pia kwa picha za kufurahisha na kwa jambo geni. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walieleza habari za watu 3 walioharibikiwa amigdala zote mbili: walipovutishwa hewa yenye asilimia 35 ya kabonidayoksaidi, walishikwa na hofu kuu. Kwa hiyo kusema "amigdala imewaka, basi ana hofu" ni sawa na kuona moshi kwa jirani ukatangaza kwamba leo wanakula mlenda. Moto upo, ndiyo. Chungulia chungu kwanza.

Nasoma saikolojia hapa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Jaribio la namna hii hupangwaje hatua kwa hatua? (Mwanafunzi, Dodoma)

Anza na ulinganisho. Picha moja ya ubongo peke yake haisemi kitu, kwa sababu ubongo haulali kazini hata ukiwa umetulia. Chukua mfano wa nyuso na nyumba. Mwonyeshe mshiriki picha za nyuso kwa sekunde 16, kisha picha za nyumba za tembe kwa sekunde 16, kisha alama ya msalaba tu kwa muda kama huo, na urudie mzunguko mara 8 au zaidi ukibadilisha mpangilio. Mashine ikipiga ubongo mzima kila baada ya sekunde 2, dakika 6 na nusu zitakupa picha kama 195. Mwambie abonyeze kitufe picha ikijirudia. Kitufe hicho ndicho kitakachokuambia kama yuko macho, maana wengi husinzia mle ndani pamoja na kelele zote zile.

Ukitoa vipimo vya "nyumba" kwenye vipimo vya "nyuso", utakuta eneo linalochangamkia nyuso, kwenye upande wa chini wa ubongo, mara nyingi kulia, ambalo mtafiti Nancy Kanwisher na wenzake walilieleza mwaka 1997. Ukigeuza hesabu, nyumba zitakupeleka eneo jingine la jirani, lililoelezwa mwaka 1998.

Sasa mitego. Kama nyuso umezipiga kivulini na matembe umeyapiga kwenye jua la saa saba mchana, umepima mwangaza. Sawazisha ukubwa na mwanga wa picha zote. Kichwa kikisogea hata milimita 1, ukingo wa ubongo huhama na kuzalisha "shughuli" isiyokuwepo, kwa hiyo kikaze kwa sponji pande zote mbili, na mshiriki ajibu kwa kidole, asijibu kwa mdomo. Kahawa nayo hubana mishipa ya ubongo. Ama wote waache kunywa kabla ya kipimo, ama uandike nani kanywa na saa ngapi.

Mtego mkubwa zaidi ni takwimu. Ubongo mmoja una vidoa kama 100,000 vya kupimwa. Ukikubali kosa 1 katika kila 1,000, vidoa 100 "vitawaka" kwa bahati tu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya samoni kwenye mashine, wakamwonyesha picha za watu na "kumuuliza" watu hao wanajisikiaje. Vidoa vikawaka. Samaki mwenyewe alikuwa amekufa! Waliporekebisha hesabu kwa idadi ya vipimo, vidoa vyote vilitoweka. Kila mwenye hamu ya kuchapisha haraka amkumbuke samaki huyo.

Nyuso dhidi ya nyumba, watu 20 wanakutosha. Lakini ukitaka kuoanisha umbo la ubongo na tabia au akili za watu, uchambuzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba unahitaji maelfu.

Mume wangu ni mwongo. Mashine hii inaweza kumuumbua? (Mama, Kondoa)

Hapana, mama. Mwaka 2010 mahakama ya shirikisho huko Tennessee, Marekani, ilikataa ushahidi wa uongo uliopimwa kwa MRI. Mwaka 2023 watafiti wa Texas waliweza kubashiri kiini cha hadithi ambayo mtu anaisikiliza, lakini kila mshiriki alilala kwenye mashine saa 16 kwanza ili kompyuta imzoee yeye binafsi, na akiamua tu kuhesabu au kutaja wanyama kimoyomoyo, kompyuta inapotea. Mume asiyetaka hashikiki.

Binti yangu atapimwa mawimbi ya ubongo kwa sababu ya kifafa. Amesuka rasta. Afumue? (Mzazi, Mpwapwa)

Afumue, kama hospitali haikumwambia vingine. Kipimo hicho ni EEG. Hakina sumaku wala mionzi. Ni vidude vidogo vya chuma, elektrodi, vinavyogusa ngozi ya kichwa na kusikiliza umeme wa ubongo. Umeme huo ni mdogo mno: mikrovolti 50 ni kama sehemu 1 ya 30,000 ya betri ya saa ya ukutani. Nywele za bandia zikiinua elektrodi, au mafuta yakikaa kati yake na ngozi, umeme huo haupiti vizuri. Aoshe kwa shampuu usiku wa kuamkia kipimo, asipake mafuta wala dawa ya nywele. Dawa za kifafa asiache kumeza mpaka daktari aseme.

Akitaka kusuka, asuke twende kilioni, mistari ikiacha ngozi wazi. Watafiti wa Carnegie Mellon, Pittsburgh, waliunda klipu za elektrodi zinazojibana chini ya mistari kama hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Vifaa vingi vilivyoko hospitalini bado ni vya kawaida, kwa hiyo muulize mpimaji mapema.

Siku yenyewe atulie. Kupepesa macho na kuuma meno hutoa umeme mwingi kuliko ubongo, na jasho la Oktoba hapa kwetu huyumbisha polepole mistari ya mawimbi inayochorwa na mashine. Chaja ya simu iwekwe mbali na nyaya.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Kizota. Nimeandikiwa MRI ya kichwa. Niogope sumaku?

Usiogope, ila usifiche kitu. Taja kazi yako kabla ya kuingia. Cheche za kusaga chuma huacha vipande vidogo jichoni bila mtu kujua, na sumaku ya tesla 1.5, yenye nguvu takribani mara 30,000 ya ile ya dunia, inaweza kukisogeza kipande hicho na kuharibu jicho. Kama uliwahi kuingiwa na chuma, watakupiga eksirei ya macho kwanza; mashine ikiwa huru lakini jibu halijatoka, subiri.

Sumaku hiyo haizimwi baada ya mgonjwa kutoka. Acha nje funguo, mkanda, simu, sarafu, na hirizi yenye chuma. Taja pia kifaa cha moyo, vyuma vya mfupa na mabaki ya risasi. Ukipewa vizibo vya masikio, vivae, maana mle ndani kelele huweza kupita desibeli 100.