Mama mkwe hana kosa, na mumeo ndo kabisa

Barua yako nimeisoma mara mbili mwanangu. Umeolewa na Mholanzi, ndoa mmefunga Tanga, ukajua unaenda kwao Groningen kwenye nyumba ya bustani uliyoonyeshwa kwenye simu, badala yake kakuweka Antwerp, Ubelgiji, ghorofa ya 4 haina lifti, kazi ya ofisini kaacha anapakia mizigo bandarini, na huu ni mwezi wa saba mko huko. Ukiuliza kwenu tunaenda lini anakwambia subiri. Shoga yako kakwambia mzungu anakuficha, mama yake hataki mkwe mweusi. Unaniuliza, umwambie arudi kwenye kazi yake nzuri awe anakuja wikiendi, au ubebe begi urudi Tanga?

Pole kwa baridi. Pole yangu inaishia hapo.

Maana katikati ya barua umepitisha kamstari haraka haraka, eti "ule mtihani wa Kiholanzi nilifeli tukaachana nao." Weee! Hapo ndo penye barua yenyewe. Uholanzi raia wao akioa Mtanzania, mke anatakiwa afaulu mtihani wa lugha na maisha ya kule kabla hajahamia, na mume aonyeshe kipato. Wewe ulifeli, yeye akaamua ahame. Kwa sababu Mholanzi akienda kuishi kweli na mkewe nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, siku ya kurudi kwao anarudi nae kwa sheria ya Umoja, mtihani ule hauulizwi tena. Hii imeanza na Mhindi mmoja, Surinder Singh, alioa Mwingereza wakaenda kufanya kazi Ujerumani, waliporudi ndoa ikayumba, serikali ya Uingereza ikataka kumfukuza, mwaka 1992 mahakama ya Ulaya kule Luxembourg ikasema raia aliyetoka kwenda kufanya kazi nchi nyingine ana haki ya kurudi kwao na mwenza wake. Waholanzi wenyewe wanaiita njia ya Ubelgiji, wamepita wengi tu.

Kwa hiyo mwanaume kaacha kiti cha ofisini anabeba mizigo kwa ajili ya mtihani ULIOFELI WEWE, halafu unamshtaki kwangu!

Na hilo la aje wikiendi, usithubutu hata kulitamka. 2014 mahakama hiyo hiyo, tena kwenye kesi ya Waholanzi na Ubelgiji hii hii, ilisema wikiendi na likizo hata ukizijumlisha zote hazihesabiki. Lazima mkae pamoja kweli, zaidi ya miezi 3, na maisha ya ndoa yaonekane. Mkataba wa nyumba, bili za umeme, hati zake za mshahara, kujiandikisha manispaa, tunza vyote kwenye faili, siku ya siku vitaulizwa. Na ujue haki hiyo unaipata kupitia yeye, ukisusa ukarudi Tanga sasa hivi unaimwaga yote.

Siku hizi mabinti mnaolewa na picha. Mnaona bustani kwenye simu, mwanaume mwenyewe hammuoni, akiteseka kwa ajili yenu mnasema anaficha kitu. Mama zetu waliolewa na watu hawana hata kitanda na wakakinunua pamoja, nyie friji ikichelewa ndoa imeshaingia mkosi.

Tena friji, umeandika mwenyewe kwamba friji na godoro kaleta mama mkwe, kaendesha gari kutoka kaskazini kote kule. Na Krismasi alikualika ukasema una mafua. Mafua mwanangu? Kadi ya F unayo, ile ya ukazi Ubelgiji anayopewa mwenza wa raia wa Umoja wa Ulaya, mpakani hakuna anayekuzuia kwenda kumsalimia. Huyo mama hajakukataa, wewe ndo umemkimbia, nadhani unaogopa Kiholanzi chako.

Muulize mumeo ana mpango wa kurudi mwezi gani, na umuulize kwa upole sio kwa kununa. Darasa la lugha jiandikishe wiki hii. Na huyo shoga yako mwenye maneno mengi, hebu muulize yeye mwenyewe yuko Ulaya kwa karatasi zipi.