Wadogo zangu wa magitaa mabovu, punguzeni gundi

Jumamosi kijana mmoja alinishushia barazani gitaa la nailoni, kuukuu, uso wa mbao ya sprusi umeshageuka rangi ya asali. Kalifunga nyuzi za chuma. Daraja, ile mbao ya usoni inayoshika nyuzi, likang'oka, akalibandika kwa supagluu. Likang'oka tena, akapitisha bolti mbili za kitanda na washa zake, nje ndani. Safari ya tatu daraja likaondoka na kipande cha uso. "Kaka, tatizo nini hasa?" ananiuliza, uso mkavu kabisa.

Nawapenda, mjue. Mtu anayetoa pesa ya chakula cha mchana kununua gitaa lililopasuka kwenye mitumba pale soko la Karume, Dar, ni ndugu yangu. Lakini nimechoka kung'oa bolti. Naandika hapa mara moja, na atakayekuja na supagluu mkononi nitamwambia akasome kwanza.

1. Nyuzi. Seti nyepesi ya chuma, ile ambayo uzi wake mwembamba kabisa ni inchi 0.012, huvuta zaidi ya kilo 70 kwa jumla. Nailoni ni kama 40. Uso wa gitaa la nailoni ni mwembamba na mbavu zake, vile vijiti vya kuukaza kwa ndani, kwa kawaida zimetandazwa kama upepeo. Ukiubebesha mzigo wa chuma utavimba nyuma ya daraja, utabonyea mbele yake, kisha daraja liruke. Daraja ambalo nyuzi zinafungwa fundo, halina pini, kichwani kuna vile vigurudumu vinene vya plastiki: hilo ni la nailoni, hata muuzaji akuapie kwa mama yake kwamba "zinaingia zote". Kuingia zinaingia kweli.

2. Pima kabla hujashika patasi. Laza rula ndefu ya chuma juu ya freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, isukume hadi darajani. Ikipita juu ya mbao ya daraja kwa kugusa tu, shingo iko sawa. Ikigonga ubavu wa daraja chini ya hapo, shingo imelala mbele, na hata ukisaga sadoli, kile kipande cha juu ya daraja kinachobeba nyuzi, mpaka iishe hujatibu kitu. Ingiza simu ndani kwa mdomo wa gitaa upige video ya mbavu zote. Gonga uso kwa kifundo cha kidole: mbavu iliyoachia hujibu kwa mtetemo kama wa spika iliyochanika.

3. Gundi. Hapa mkae kitako.

Kulikuwa na mzee mtaani kwetu aliyepiga ridhimu enzi za muziki wa dansi. Gitaa lake la nyumbani, la nyuzi za chuma, lilikaa juu ya kabati miaka mingi bila kulegezwa. Shingo ikainuka. Kwenye kisigino, pale inapokutana na kasha, palikuwa na mwanya ambao karata ya kuchezea ilipita bila kukwama, na kwenye freti ya 12 nyuzi zilikuwa juu kiasi cha kukata kidole. Akanipa. Mjukuu wake anaolewa Jumapili, anataka apige wimbo mmoja.

Dawa niliijua kama mnavyoijua nyie: ng'oa freti ya 15, toboa katundu chini yake hadi kwenye uwazi wa kiungo cha shingo na kasha, kile kilichochongwa kama mkia wa njiwa, ingiza mvuke, gundi ya ngozi, ile inayopikwa kwa ngozi za wanyama, ilainike, shingo itoke, chonga kisigino kidogo kidogo, pima, rudisha. Kazi ya wiki nzima ukiwa mtulivu, maana mbao iliyolowa lazima ikauke kabla ya kuiunga. Mimi nilikuwa na Ijumaa jioni na epoksi ya mirija miwili.

Nikaikoroga, nikaivuta kwa bomba la sindano la duka la dawa, nikaisukumia mwanyani mpaka ikafurika. Nikazungushia mpira wa ndani wa pikipiki, wanavyofanya mafundi wa fanicha Keko, nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Kulipokucha mwanya ulikuwa umetoweka, hata mstari huuoni. Nikapiga picha. Nikamtumia shemeji.

Kisha nikafunga nyuzi. Kufika freti ya 10, E nyembamba, ule uzi mwembamba kuliko wote, ilikuwa ukingoni. Mbele ya hapo ilikuwa inaanguka nje ya ubao. E nene nayo imeingia ndani kama inayotafuta kivuli. Ule mpira ulikuwa umevuta shingo kwa upande. Ningetanda uzi mmoja wa cherehani kutoka katikati ya kichwa hadi katikati ya kasha kabla gundi haijakauka, ningeliona jambo hilo ndani ya dakika moja. Sikutanda.

Nikasema basi, nifungue. Birika, mpira wa gesi, na ile sindano ya kujazia mpira wa miguu, nikapuliza mvuke kisiginoni. Sasa sikilizeni, maana hili vitabuni mnalipita haraka. Epoksi nayo hulegea kwa joto, ila joto lake ni kubwa kuliko linaloiachisha gundi ya ngozi. Gundi ya ngozi ikipata joto na unyevu huachia mapema sana, na ndiyo sifa yake. Kwa hiyo kila kilichounganishwa vizuri kiwandani kikaanza kuondoka. Mgongo ukaachana na ubavu wa kasha. Mbavu moja ikadondoka ndani, nikaisikia. Vanishi ikawa nyeupe kama maziwa kuzunguka kisigino. Cha kwangu mimi, kilichopinda, kikakaa imara kabisa. Saa tano usiku nikaikata shingo kwa msumeno.

Asubuhi nikavuka barabara na vipande viwili ndani ya kanga. Nilikuwa nimeandaa hotuba, haikutoka. Mzee aliweka chai chini, akafungua kanga, akachukua shingo peke yake. Akaweka vidole kwenye C, akahama F, akarudi, mkono wa kulia ukipiga hewa. "Shingo bado nzuri," akasema. Kisha, taratibu sana: "Sasa hili kasha unalifanyia nini?"

Harusini alipiga gitaa la kuazima, na mimi nilikaa meza ya nyuma kabisa. Baadaye nilisafisha kiungo, nikajaza mbao mpya kisiginoni, nikaishika shingo kwa bolti mbili zinazofungwa kutoka ndani, za kufunguka kwa spana siku yoyote. Linapigika. Sauti ni ya gitaa jingine, ila mzee ana adabu, anasema limepona.

Kwa hiyo, kabla hujafinya mrija wowote, jiulize fundi atakayekuja baada yako atalifunguaje. Huyo fundi mara nyingi utakuwa wewe mwenyewe, wiki ijayo. Kwa shingo, daraja na mbavu: gundi ya ngozi, chenga zilowe kwenye maji baridi kwanza, kisha zipashwe sufuria ndani ya sufuria kwenye nyuzi 60 hivi za joto, na usiache ichemke kwa sababu ikichemka inapoteza nguvu. Joto la Dar linakupa muda wa ziada kabla haijaganda, jambo ambalo wenzetu wa nchi za baridi hulitafuta kwa hita. Ukiikosa, gundi ya njano ya mbao, ya kawaida, isiyo ya kuzuia maji. Chini ya daraja kwangua vanishi yote mpaka mbao tupu, hakuna gundi inayoshika vanishi kwa kilo 70. Na fanya mazoezi ya kubana bila gundi, klempu zote mahali pake, kabla ya kubana na gundi.

4. Nyufa. Magitaa mengi hutengenezwa kwenye vyumba vya unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Dar tunaishi juu ya 70 siku nyingi, mbao imejaa. Lipeleke gitaa Dodoma wakati wa kiangazi uone. Rafiki yangu alihamia huko na wizara yake, akaliegemeza gitaa karibu na dirisha, baada ya miezi uso ukafunguka kutoka daraja hadi chini. Akajaza ufa kwa unga wa mbao na gundi, akasaga, akafurahi. Akarudi Dar likizo wakati wa masika. Mbao ikanywa unyevu, ikataka kurudi mahali pake, ikakuta pamejengwa. Sasa ana nyufa mbili na kinundu katikati.

Ufa wa ukavu haujazwi. Weka sponji lenye unyevu ndani ya kisahani cha sabuni kilichotobolewa, liingize ndani ya kasha, funika mdomo, subiri siku kadhaa ujifunge wenyewe. Ndipo uingize gundi, na kwa ndani ubandike viraka vyembamba vya sprusi, mishipa yake ikikatiza ufa. Mkikutana na magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini, kama ile Champion ya ujanani ya John Lennon wa Beatles, msome karatasi iliyobandikwa ndani ya hizo Champion: imeahidi kwamba gitaa halitapasuka. Msimcheke mwenye gitaa, subirini aondoke.

5. Msasa usiguse uso. Uchafu unatoka kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na zile alama za kucha za mwenyewe si uchafu.

6. Unga laini sakafuni chini ya gitaa ni fukusi. Lifunge kwenye mfuko peke yake kabla hujalikaribisha kwa mengine.

7. Freti iliyoinuka: igongeni irudi kabla ya kukimbilia tupa. Asilimia kubwa ya milio mnayoisaga haikuhitaji kusagwa, na chuma kilichotoka hakirudi. (Namba hiyo ya asilimia msiniulize, ni hasira.)

8. Nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kule kichwani) na sadoli. Acheni plastiki. Nendeni machinjioni Vingunguti mkaombe mfupa wa paja la ng'ombe, sehemu ya katikati iliyo nene na nyoofu. Safisheni uboho, chemsheni polepole na sabuni kidogo mafuta yatoke, bila kuzidisha maana utakuwa wa kuvunjika, kisha uanikeni kivulini hadi ukauke kabisa. Kwa daraja, wachonga vinyago wa Mwenge hubakiwa na vipande vya mpingo ambavyo kwao ni vidogo mno na kwenu ni madaraja mawili. Ombeni kwa heshima, nunueni na kinyago kimoja, msiende mikono mitupu. Mpingo unamaliza patasi, noeni kila baada ya dakika chache.

Sadoli ichongeni kwa kuanzia chini, mkipima: kwa gitaa la nyuzi za chuma, kwenye freti ya 12, milimita 2.5 upande wa E nene, 2 upande wa nyembamba; la nailoni huachwa juu zaidi. Zikifika hapo, wekeni tupa chini mkafunge nyuzi, na gitaa la nailoni lifungwe nailoni.