Jibu: Mlango wa ngazi za kushukia chumba cha chini
Ndugu, umeuliza iwapo mtu asiyewahi kushika randa anaweza kuweka mlango juu ya ngazi za kushukia chumba cha chini. Anaweza, ila usifungukie upande wa ngazi, kwa sababu anayepanda na mzigo atalazimika kurudi nyuma kidato kizima ili aufungue. Pima upana wa nafasi hiyo juu, katikati na chini, kisha ufuate kipimo kidogo zaidi, maana kuta zetu za mawe hapa Nairobi ni nadra kunyooka, hata fundi wa lipu akijisifu vipi. Simamisha kwa timazi, yaani uzi wenye uzito wa kupimia wima, mwimo wa bawaba kwanza, ule mhimili wa fremu unaoshika bawaba, ukijaza mianya kwa vipande vyembamba vya mbao kabla ya kukaza skrubu. Kitasa kiwe cha mwisho.