Muulize Fundi: Mlima wa Kavumu na meno ya gia

*Papa Fundi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Bagira, hapa Bukavu. Septemba 2025 nilitazama kwenye simu mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali, na tangu siku ile situlii. Nimenunua kinga, yaani baiskeli, ya mashindano, mtumba wa Ulaya, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Ndoto yangu ni kwenda nayo kaskazini, kupitia Kavumu hadi Katana, Jumamosi moja, Ziwa Kivu likiwa pembeni yangu, kisha nirudi nyumbani kwa chakula cha mchana. Lakini hata Kavumu sijafika. Mlimani nasimama juu ya pedali, magoti yanauma, mwisho nashuka na kusukuma huku watoto wakinipigia makofi. Nikiteremka, vidole vinakufa ganzi kwenye breki na rimu zinanuka moto. Nimehesabu meno ya gia kama ulivyowahi kuelekeza: mbele 52 na 42, nyuma kubwa kuliko zote ni 23. Kosa ni la miguu yangu au la kinga?*
*Mwalimu, Bagira*

Mwalimu, miguu yako haina kosa. Umefanya vizuri kuhesabu meno, maana jibu liko humo.

Kinga yako ilitengenezwa kwa ajili ya nchi tambarare. Chukua 42, gawanya kwa 23: gurudumu linazunguka karibu mara mbili kasoro kidogo kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Gurudumu lako lina mzingo wa mita 2.1 hivi, kwa hiyo kila mzunguko wa mguu unalazimika kusukuma mwili wako na chuma chako mita 3.8 mbele. Kwenye barabara iliyolala ni raha. Kwenye mlima ni kama kubeba gunia kwa kuruka ngazi mbili mbili.

Sasa weka nyuma gia yenye meno 32. Mzunguko uleule utakusogeza mita 2.8 tu. Utaenda polepole, ndiyo, lakini mguu utazunguka badala ya kusaga. Gia za nyuma za namna hiyo ziko kwenye baiskeli za milimani ambazo mitumba yake imejaa hapa mjini, na nyingi hufungwa kwa nyuzi za skrubu, huenda kama zako. Hakikisha fundi wako anakubadilishia na ule mkono wa nyuma unaovuta cheni, uwe mrefu, na cheni yenyewe iongezwe pingili. Akikuambia mkono mfupi utatosha, mwambie aweke cheni kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma mbele ya macho yako. Utaona inavyokaza.

Ulitazama Kigali, basi kumbuka miguu ya wale vijana. Wanaume walikimbia kilomita 267.5, na ukijumlisha vilima vyote walivyopanda unapata mita 5,475. Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyeshinda, alianza kuwaacha wenzake kwenye mlima wa Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100. Alikuwa anazungusha mguu upesi, amekaa kitini. Hata yeye mwenye nguvu zile hapandi kwa gia nzito. Mimi niliitazama sehemu ile na machozi yalinitoka, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mashindano yale kukanyaga udongo wa Afrika, na milima ile ni ndugu wa milima yetu. Ukitoka hapa Bukavu unaiona Rwanda ng'ambo ya Ruzizi, vilima vinafanana kabisa.

Kuhusu kusukuma, usione haya. Kabla sijawa fundi nilileta makaa soko la Kadutu kwa kinga nikiwa kijana, magunia mawili nyuma na moja katikati ya fremu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyepanda mlima akiwa ameketi. Tulifunga fimbo kwenye usukani, tukasukuma kwa bega, tukapumzika kwa kuweka jiwe chini ya gurudumu. Waliofika sokoni mapema ni wale walioanza taratibu. Aliyekimbilia mlima wa kwanza tulimkuta kwenye wa tatu amekaa chini ya mkaratusi. Njia ya kwenda Kavumu ni ya namna hiyo: si mlima mmoja mkubwa, ni vilima vinavyopokezana, unapanda unashuka, unapanda tena. Ziwa liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara inaliacha na kulirudia. Mlima wa kwanza upande kana kwamba unazungumza na rafiki. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Breki sasa, na hapa nakuomba unisikilize vizuri.

Kamba ya breki yangu ilikatika mwaka nilipokuwa bado kijana, mteremkoni, mbuzi watatu wakivuka. Niliishia kwenye shamba la maharage na kovu ninalo hadi leo kwenye kiwiko. Kamba haikukatika ghafla. Siku tatu kabla, kidole changu kilichomwa na uzi mmoja mwembamba wa chuma uliochomoza pale kamba inapoingia kwenye mkono wa breki, karibu na kile kichwa chake cha duara. Niliufyatua kwa kucha nikaendelea na kazi. Mwalimu, kila Ijumaa jioni bonyeza mkono wa breki hadi mwisho, inama, uangalie pale ndani kwa tochi ya simu. Ukiona uzi mmoja umekatika, badilisha kamba nzima. Bei yake ni ndogo kuliko soda chache.

Rimu zinanuka kwa sababu unaishikilia breki tangu juu hadi chini. Mpira unasugua chuma bila kupumzika, joto linapanda, na likizidi linaweza kupasua mpira wa ndani. Acha kinga ikimbie kidogo, kisha bana kwa nguvu breki zote mbili mpaka mwendo ushuke, achia, acha upepo upoze. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado wima. Ndani ya kona vidole viguse tu. Shika usukani chini, pale kwenye pembe za kondoo zako, maana hapo vidole vinavuta breki kwa urahisi na ganzi itapungua. Mvua ikinyesha, bana mapema: mizunguko ya kwanza inafuta maji tu.

Pine zako najua ni zile nyembamba, milimita 23. Pima nafasi kwenye uma. Zikiingia 28, weka 28 na upunguze upepo. Baada ya Kavumu usitegemee lami. Na kumbuka, ukienda ziwa liko kuliani, yaani upande wako wa barabara, upande wa bonde. Fuso likija nyuma yako shuka, simama, lipite.

Toka jua likichomoza. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua yetu hupenda mchana. Mfukoni weka viazi vitamu vilivyochemshwa na chumvi kidogo. Mimi sijaona chakula cha barabarani kinachovishinda.

Jambo la mwisho ndilo ningepaswa kuanza nalo. Tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025, hali ya njia hii inaweza kubadilika kati ya jana na leo. Usiamini habari za juzi. Nenda sokoni asubuhi, watafute wamama wanaoleta ndizi na maparachichi kutoka Katana. Wakiwa wamefika, waulize walipitia wapi na waliona nini. Wakiwa hawajafika, rudi nyumbani. Katana itakungoja.

*Papa Fundi, ni kweli mtu anaweza kuzunguka ziwa upande wa Rwanda kwa baiskeli?*
*Kijana wa Nguba*

Ni kweli. Kuna njia ya kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi kupitia Karongi, na pia barabara ya lami. Mpaka ukiwa wazi na karatasi zako zikiwa sawa, anzia Rusizi. Lakini vilima ni vilevile, kwa hiyo soma jibu la mwalimu hapo juu mara mbili.

*Papa Fundi, binti yangu ana miaka kumi na sita, anataka kinga. Jirani anasema msichana akipanda baiskeli anajiharibu. Nifanye nini?*
*Mama wa Muhumba*

Mama, hakuna kinachoharibika. Mimi nina mabinti wawili na wote niliwafundisha mwenyewe. Kigali wanawake walikimbia kilomita 164.6 juu ya milima ileile, na aliyeshinda, Magdeleine Vallieres wa Kanada, alikuwa na miaka 24.

Kinachoumiza wasichana ni kinga ya kaka mkubwa yenye kiti kilichoinuliwa mno. Aketi, aweke kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Kiuno kikiinama, shusha kiti. Kama mikono yake haifikii breki bila kujivuta, kinga hiyo si yake, hata ukipewa bure.

Mlete Jumamosi Kadutu kabla soko halijajaa, akiwa amevaa viatu atakavyopandia. Tutampima.