Kamba na Pweza katika Torati na katika Qur'ani

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mpishi katika nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu. Mwezi uliopita alifikia kwetu mgeni Myahudi, nikamwandalia kamba wa kukaanga na pweza wa nazi. Alinishukuru kwa adabu lakini hakugusa hata kimoja, akasema Torati inamkataza. Nasi twaamini kwamba Torati ilitoka kwa Mwenyezi Mungu. Imekuwaje basi kilicho haramu kwake kiwe halali kwetu?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yetu. Mgeni wako alisema kweli. Mambo ya Walawi, kitabu cha tatu kati ya vitano vya Torati, katika mlango wa 11, hakihalalishi kiumbe wa majini ila awe na mapezi na magamba. Kwa hiyo kamba, pweza na ngisi hawaliki kwake, wala papa, ambaye mapezi anayo lakini ngozi yake inakwaruza kama msasa na haina magamba ya kuparwa kwa kisu. Kwetu sisi, aya ya 96 ya Sura ya Al-Maida imehalalisha mawindo ya bahari, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, tuliyokulia pwani hii, wameichukua kwa upana wake, ilhali Wahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Hanafi, huishia kwa samaki.

Ama kuamini Torati, hilo ni nguzo ya imani yetu, kwani Al-Maida aya ya 44 yasema kuwa ndani yake mna uongofu na nuru. Lakini aya ya 48 ya sura hiyohiyo yaeleza kwamba kila umma umewekewa sharia na njia yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba manabii ni ndugu wa baba mmoja, mama zao mbalimbali, na dini yao ni moja. Mfano huo naupenda sana, maana unaonyesha tauhidi, yaani kumwamini Mungu mmoja tu, ikibaki ileile tangu Ibrahimu, huku hukumu za chakula zikitofautiana: nguruwe na damu ni haramu kwa pande zote mbili, ila ngamia, ambaye Torati yamkataza, sisi twamchinja. Tunapoachana hasa na Wayahudi ni hapa: wao huishika sharia ya Musa kuwa ya milele isiyofutwa, nasi twaamini Qur'ani imekuja kuisadikisha Torati na kuihukumia.

Akirudi, mpikie changu wa kupaka. Wayahudi hawachanganyi nyama na maziwa, lakini tui la nazi hutoka mtini, halimo katika katazo hilo. Muulize kwanza kuhusu sufuria, kwa kuwa anayeshika sana sharia yake hali katika chombo kilichopikiwa kamba.