Tofali za kuchoma, bloku au za kufungamana: hesabu yangu ya Moshi

Mkuu uliyeuliza kuhusu kiwanja cha Mabogini, huku Moshi, kwamba kati ya hizi tatu ipi nafuu na ipi haiharibu mazingira: achana na bei ya tofali moja moja, hapo ndipo wauzaji wanatupiga. Hesabu kwa mita mraba ya ukuta.

Bloku (za saruji na mchanga) zinaingia kama 10 kwa mita mraba. Za kufungamana (interlocking, za udongo na saruji, zinashikana kwa meno yake), uso wa sentimita 30 kwa 10, zinaingia 33. Kwangu Kiboriloni mfuko mmoja wa saruji ulitoa bloku kama 30, au za kufungamana kama 80. Gawanya mwenyewe: saruji iliyomo ukutani ni karibu ileile, tena za kufungamana zinazidi kidogo! Nafuu yake iko kwenye mota (saruji na mchanga wa kuunganishia tofali), maana unaiweka kozi ya kwanza, yaani mstari wa chini, na kwenye lenta juu ya milango na madirisha, katikati zinapandana kavu. Nje unaweza kuacha bila plasta. Na udongo ukiwa wa hapohapo, lori za mchanga zinapungua.

Ila udongo upimwe. Tengeneza kiboksi cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4, pakaa oili ndani, jaza udongo ulioloweshwa (toa ule wa juu wenye mizizi), weka kivulini siku 7. Ukisinyaa chini ya milimita 15, changanya saruji 1 kwa udongo 18. Ukifika 30 mpaka 45, ni 1 kwa 14, na hapo nafuu inayeyuka. Wangu mwekundu ulifika huko, nikaongeza mchanga. Mweusi wa mbuga usijisumbue nao.

Za kuchoma bei iko chini kwa sababu mti uliokatwa hakuna aliyeulipia. Huko bondeni kwenye mpunga, ukipata anayechomea pumba, huyo nunua kwake. Jiandae na mota nyingi tu, ukubwa wake unapishana.

Saruji nayo si malaika: jiwe la chokaa linapikwa mpaka nyuzi 1,450, na lenyewe linatoa hewa ukaa. Kwa hiyo anayekwambia tofali la udongo ni rafiki wa mazingira, muulize mifuko mingapi.

Ningekuwa wewe, udongo ukifaulu, ningejenga za kufungamana. Ukitaka kupiga plasta ndani na nje, chukua bloku tu. Mashine kodi pamoja na mtu anayeijua. Tofali zikitoka zinapishana kimo, kozi ya sita pima maji inakataa.